Mvumo Ulipokatika

Jumamosi ile haikuwa na neno. Jua lilikuwa la kawaida, watu barabarani walikuwa na haraka zao za kawaida, na Bi Pasi alikuwa dukani kwa fundi redio akichagua amplifaya kama mtu anayechagua nyanya: anainua, anageuza, anabonyeza, anarudisha chini na kuguna.

Aliitwa Bi Pasi kwa sababu alipiga pasi mashuka ya hoteli tangu usichana mpaka mgongo ulipomgomea. Jina alilopewa na baba yake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kule kwenye chumba cha kufulia hakuna kimya. Mashine zinazunguka, mabomba yanagonga, mvuke unapiga mluzi, watu wanapaza sauti hata wakiwa wanasengenyana. Akitoka huko alirudi kwa mume kinyozi mwenye wazimu wa santuri, na nyumba nzima iliimba kuanzia alasiri mpaka watu wanakula. Kwa hiyo Bi Pasi alizeeka bila kujua kimya kinafananaje. Alikuja kukutana nacho Kinyozi alipokufa, na hawakuelewana.

Mashine ya santuri ilibaki juu ya kabati lake. Spika mbili za mbao zilibaki, na santuri zenyewe zilijaa kabatini. Kilichokosekana ni amplifaya. Ile ya Kinyozi iliungua wakati wa msiba: shemeji mmoja mwenye kujua kila kitu aliichomeka anavyojua yeye, ikafuka moshi, naye akasema ilikuwa mbovu tangu zamani. Mwaka ukapita hivyo hivyo. Mwanawe wa pekee, anayeishi mbali na kumpigia simu akiwa amekwama kwenye foleni tu, akataka kumnunulia kispika cha kuchaji. Unaunganisha na simu, mama, unabonyeza, basi. Bi Pasi akamjibu kwamba hataki kubonyeza. Santuri ikiisha upande mmoja lazima uinuke ukaigeuze, na mtu anayeishi peke yake anahitaji sababu ya kuinuka.

Dukani alifuatana na wifi yake, dada wa Kinyozi, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo. Wifi alishaamua tangu mlangoni. Palikuwa na amplifaya mpya kabisa, nyeusi, yenye taa za rangi zinazocheza zenyewe, na kwenye boksi wameandika nguvu yake kwa namba ndefu kama namba ya simu.

"Chukua hiyo, wifi," alisema. "Hata muziki ukikataa, utacheza na taa."

Fundi redio, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa waya sikioni, alitikisa kichwa. Ile namba imetiwa chumvi, alisema, ukiipa nguvu hiyo kweli italia dakika moja ikafie mbali. Tena haina tundu la santuri. Akawaeleza kwamba sauti ya santuri ni ndogo, ni sindano tu inayokwaruza, inataka tundu lake maalumu huko nyuma la kuinyanyua kwanza kabla haijapelekwa kwenye spika. Ukiichomeka kwenye tundu la redio utasikia kama mbu aliyefungiwa chupani. Itabidi ununue kiboksi cha kuinyanyua, na hapo rahisi imeshakuwa ghali.

Ya pili ilikuwa imetumika kidogo, nzito, ina kila kitu, na bei yake ilimfanya Bi Pasi airudishe mezani taratibu kama sahani ya watu. Ya tatu ilikuwa chini ya meza. Kijivu, bati gumu, vifundo vitatu na kitaa kimoja chekundu. Tundu la santuri lipo. Bei nusu ya ile nyingine, na nusu yenyewe inazungumzika.

"Hii itavuma, mama," fundi alimwonya. "Haina skrubu ya waya wa ethi, wa kupeleka umeme mchafu ardhini. Ule waya mwembamba unaotoka kwenye mashine yako pembeni, ndio huo. Usipopata pa kushika, spika zinavuma mchana kutwa."

"Zivume. Nimelala na mtu aliyekoroma tangu ujana, na niko hapa."

Wifi akasema huyo anayetajwa ni kaka yake, na katika familia yao hakuna anayekoroma, watu wanapumua kwa kujiamini tu.

Fundi akacheka, akasema sawa, lakini akamfundisha dawa. Mvumo ukimkera, aweke kiganja kwenye bamba la chuma la mashine ya santuri. Mwili wa mtu unaubeba ule umeme mchafu, spika zinanyamaza papo hapo. Akiondoa mkono, zinaanza tena. Ajizoeze, akipata pesa arudi amchomelee skrubu. Akaifunga amplifaya kwa gazeti, akaisindikiza mpaka nje.

Ilivuma kweli. Alipoichomeka na kuwasha, sauti ilitoka kwenye spika zote mbili kabla hajaweka hata santuri, mmmmm, nene na moja, kama mtu anayefikiria jibu. Bi Pasi akanyoosha mkono wake wenye makovu ya mvuke, akagusa bamba. Kimya. Akaondoa. Mmmmm. Akagusa tena, akaondoa tena, akajikuta anatabasamu mwenyewe kama juha.

Kisha akapiga santuri. Wimbo ulipokuwa juu mvumo haukusikika, ukawa unajitokeza kati ya wimbo na wimbo, na mwisho wa upande. Hakuona ubaya. Wiki ile alianza kuiwasha baada ya chakula cha mchana na kuiacha, hata bila santuri, akakaa kwenye kiti chake upande wa pili wa sebule akitia viraka mito. Nyumba ilikuwa na kitu kinachofanya kazi. Ilimtosha.

Siku ilipotokea mara ya kwanza kulikuwa na mwanga tele. Alasiri, mapazia yako wazi, mtu anaponda kokoto mtaa wa nyuma. Santuri ilikuwa imeisha, sindano imesharudi mahali pake, mvumo unaendelea. Bi Pasi alikuwa anatafuta tundu la sindano ya kushonea, jicho moja amelifumba.

Mvumo ukakatika.

Alidhani umeme umeondoka. Akainua uso. Kitaa chekundu kiliwaka. Feni ya dari ilizunguka. Nje, nyundo ilipiga kokoto.

Alikaa na uzi mkononi.

Fundi alisema nini? Mwili wa mtu.

Hakuna aliyekuwa pale. Aliitazama mashine, akatazama bamba lake la kijivu likimeta kwa jua, na juu ya bamba hapakuwa na kitu. Ilichukua muda wa mtu kupumzika mkono, mtu aliyesimama akachoka kidogo akaegemea. Halafu mvumo ukarudi, mdogo mdogo kwanza, kama vidole vinavyoinuliwa kimoja kimoja.

Mtu mwingine angetoka mbio. Bi Pasi alizima amplifaya, akajikalisha jikoni, akajisema kwa ukali. Waya ulikuwa umelegea. Umeme wa mtaa huu ndivyo ulivyo. Alijisema mpaka akaamini, na kesho yake baada ya chakula akawasha tena.

Ukakatika tena. Na keshokutwa. Wakati ule ule wa jua kuingia dirishani, na kila mara kwa muda mrefu zaidi.

Hofu nayo huchoka. Kinyozi alikuwa na tabia ya kusimama pale pale, kiganja juu ya mashine, akisikiliza kama anayepapasa kichwa cha mteja akitafuta pa kuanzia. Hakupenda mtu mwingine aiguse. Bi Pasi akaunganisha, na alipounganisha moyo ukatulia, hata akaona haya kwamba aliogopa. Mvumo ukikatika akawa anasema, "Umekuja." Kisha anamwambia habari. Nani kahama, nani kaoa, shemeji mjuzi kaunguza pasi ya watu. Alisema na kulia hapo hapo bila kuacha kushona. Mvumo ukirudi alijua ameondoka, akainuka kuzima. Ikawa hivyo miezi kadhaa.

Akaacha kwenda kwa wifi yake alasiri. Akaacha kukaa barazani. Mwanawe akipiga simu wakati ule, anamwambia ana mgeni, atampigia baadaye, na hampigii.

Wifi hakuwa mtu wa kuachwa hivi hivi. Alikuja mwenyewe, bila hodi, akamkuta amevaa gauni la kutokea na amechana nywele.

"Haya. Umepata bwana, umenificha. Ni yule mzee wa mkaa?"

Bi Pasi akamshika mkono, akamketisha, akamwambia kwa sauti ya chini. Akamwambia kila kitu. Wifi alicheka mwanzoni, akacheka kidogo zaidi kuliko anavyocheka siku zote, kisha akaacha. Mvumo ulikuwa ukitoka kwenye spika kati yao, mmmmm. Jua likaingia dirishani likafika kwenye mguu wa kabati.

Ukakatika.

Wifi alitazama mashine. Akatazama mikono ya Bi Pasi, yote miwili imelala mapajani. Akatazama mikono yake mwenyewe.

"Ni yeye," Bi Pasi alinong'ona. "Msalimie kaka yako."

Wifi hakumsalimia. Alikuwa mropokaji lakini si mjinga, na alimjua kaka yake kabla hajawa mume wa mtu. Akaegemea mbele.

"Kama ni wewe kaka," alisema polepole, "usitoe mkono."

Mvumo ukarudi.

Haukurudi kidogo kidogo kama siku zote. Ulirudi wote kwa pamoja, mpaka kioo cha kabati kikatetemeka.

Bi Pasi alitikisa kichwa. Kinyozi hakusikia vizuri, alisema, alikuwa na sikio moja bovu tangu utoto. Akauliza yeye mwenyewe, kwa sauti ya mke. Kama ni wewe, shika. Mvumo uliendelea. Wifi akauliza kama ni baba yao. Uliendelea. Kama ni mtu yeyote aliyewahi kuishi nyumba hii. Uliendelea, nene, moja, hauna haraka.

Bi Pasi alianza kukumbuka. Miezi yote ile. Yale yote aliyoyasema, na machozi, na siri za chumbani alizomkumbusha.

"Mimi," aliuliza. "Mimi unanijua?"

Kimya.

Kimya kile kilikaa. Hawakusogea. Nje watoto walikuwa wanarudi kutoka shule, wanapigana mikoba. Wifi ndiye aliyeinuka, akapita ukutani ukutani mpaka kwenye soketi, akachomoa waya. Usiku ule walilala wote nyumbani kwa wifi, kitanda kimoja, na hakuna aliyezima taa.

Asubuhi walimleta fundi redio. Hawakumwambia kitu zaidi ya kwamba mvumo umezidi. Akaigeuza amplifaya mgongo juu, akavua miwani, akavaa, akasogea dirishani. Kisha akapitisha kucha mahali fulani pa bati akakunja uso.

Skrubu ilikuwapo, alisema. Haikuvunjika wala haikupotea. Ilikatwa kwa msumeno wa chuma, sawasawa na bati, na aliyeikata akapiga tupa ili pasionekane. Hakuwahi kuona jambo kama hilo tangu aanze ufundi. Mtu anaomba skrubu hii awekewe, haombi ikatwe. Ni kana kwamba mwenye amplifaya aliutaka mvumo.

Wifi akamuuliza aliipata wapi. Fundi akajikuna shingo. Kwenye mizigo ya nyumba iliyokuwa inasafishwa. Aliyeishi humo alikuwa mzee wa peke yake, na wapangaji wapya walitaka vitu vyake vitoke. Mzee mwenyewe kahamia wapi, hakuna aliyejua. Nguo zake zilikuwa kabatini bado.

Akachomelea skrubu mpya. Akaifungia ule waya mwembamba wa ethi, akakaza, akawasha. Hakuna mvumo. Akapiga santuri, na kati ya wimbo na wimbo palikuwa safi kama kisima. Wifi akamshukuru mara tatu, akamwambia Bi Pasi mambo yamekwisha, sasa arudi barazani aonekane na watu. Bi Pasi akaitikia. Akawatoa mpaka njiani, akawapungia mkono.

Akarudi ndani.

Alikaa kwenye kiti chake baada ya chakula. Amplifaya ilikuwa imewaka, kitaa chekundu, bila sauti. Jua likaingia dirishani, likatambaa sakafuni, likafika kwenye mguu wa kabati.

Kimya.

Ndipo alipoelewa alichofanyiwa. Zamani aliweza kujua. Mkono ukiwapo kulikuwa kimya, ukiondoka kulikuwa na mvumo. Sasa kulikuwa kimya tu.

"Upo?" alinong'ona.

Kimya.

"Umeondoka?"

Kimya.

"Uko kwenye mashine, au umesogea?"

Kimya kile kile. Kila alichouliza kilijibiwa ndiyo. Hakuweza kugeuza shingo. Aliuona mkono wake mwenyewe umeshika ukingo wa kiti, na alisubiri, hakujua anasubiri kuguswa wapi.

Siku alizovumilia hivyo hakuwahi kuzisema. Wifi alimwona anakonda. Alimwambia aiuze. Bi Pasi alisema ataiuza. Alimwambia ahamie kwake, chumba kipo. Bi Pasi akasema atahamia mwezi ukiisha, na mwezi ukaisha. Mwanawe alipopiga simu akiwa kwenye foleni alimsikia mama anapumua tu. Foleni ikafunguka, akaaga.

Basi siku moja alifungua droo, akachukua bisibisi ya Kinyozi aliyokazia mashine za kunyolea, akazunguka nyuma ya amplifaya. Aliulegeza waya wa ethi. Akautoa.

Mmmmm.

Akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Akarudi kwenye kiti. Sasa angalau angejua. Na mvumo uliendelea, jua likafika kwenye kabati likalipita, mvumo uliendelea, mpaka giza likaanza kuingia na hapakuwa na aliyekuja. Kesho yake vilevile. Alivaa gauni la kutokea. Alichana nywele. Alijiambia ni afadhali, kimeondoka, na jinsi alivyolisema neno hilo yeye mwenyewe hakuipenda.

Ulipokatika hatimaye, Bi Pasi alikuwa anasinzia. Alifumbua macho.

Hakuuliza wewe ni nani. Alichukua mto wake na uzi wake.

"Ulichelewa," alisema, akaanza kusimulia habari.

Wifi ndiye aliyeona kilichobaki. Alikwenda asubuhi moja kumsaidia kufagia, maana mgongo wa Bi Pasi ulikuwa umembana, akalivuta lile kabati lenye mashine ili apitishe ufagio nyuma yake. Kabati liligusana na ukuta tangu Kinyozi alipoliweka pale. Hata kidole hakikupita. Alipolivuta jua likalala kwenye bamba la chuma upande wa nyuma, na rangi ya bamba pale haikuwapo.

Yalikuwa madoa manne, yamepangana. La tano lilikuwa chini ya ukingo, mahali dole gumba linaposhikia. Rangi ilikuwa imelika mpaka chuma kikatoka, kikalainika, kikang'aa, kama mpini wa jembe la mtu aliyelima ujana wake wote. Si kazi ya miezi. Na vidole havikuelekea ukutani, kama vya mtu anayetoka sebuleni kuja kuweka santuri. Vilielekea sebuleni. Aliyeviweka alikuwa amesimama upande wa ukuta.

Wifi alijaribu kuvilinganisha na vyake. Alinyoosha mkono mpaka ukauma, na bado vya pale vilikuwa mbali, kila kimoja kwa pingili nzima.

Alimwita Bi Pasi aje aone. Bi Pasi akaja, ameshika kiuno, akainama, akaangalia kwa muda. Hakushtuka. Akachukua kitambaa, akapangusa vumbi pembeni mwa yale madoa, yenyewe hakuyagusa.

Kisha akamwomba wifi amsaidie kurudisha kabati. Wifi akasukuma, na lilipobakiza hatua moja kufika ukutani Bi Pasi akaweka mguu.

"Hapo hapo," alisema. "Usimbane."